Vijiti Vilivyorefuka

Njia rahisi ya kumkera Everline Khalayi ni kumwambia kitu kina urefu wa "kama inchi sita." Kwake hakuna kama. Ni inchi sita au si inchi sita. Majirani wa mtaa wa Jericho, wanaomwita Mama Wafula, wamemzoea. Akiitwa kutengeneza mlango unaokwaruza sakafu, hupima mara tatu, na kabla ya hapo huilinganisha rula yake na nyingine, kana kwamba chuma nacho huweza kusema uongo.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya soko. Vitanda na makabati ndiyo yanayomlisha, lakini jina alilipata kwa vijiti. Wanaovitaka ni watu wazima wenye kazi zao, ambao kila Jumamosi hukutana katika ukumbi mmoja wa Buruburu kucheza vita vya mezani. Askari wao ni wa plastiki, urefu wa kidole gumba, na wamepakwa rangi hadi kwenye vifungo vya makoti. Meza haina miraba kama ya drafti. Kikosi hutembea kwa inchi, na kikipungukiwa na unene wa ukucha, hakijamfikia adui. Utepe wa kawaida wa kupimia huangusha askari. Kijiti chembamba cha inchi sita, chenye mkato kila inchi, hupenya katikati yao bila kugusa mtu.

Khalayi huvikata kwa mvule wa miimo ya milango ya zamani, mbao iliyokauka miaka hamsini na haina tena haja ya kujipinda. Ukutani hutundika kijiti kimoja kisichouzwa, anachokiita mama. Sheria ya karakana ni moja: kila kijiti hupimwa kwa mama, hakipimwi kwa ndugu yake.

Gordon Aloo aliifuata sheria hiyo kwa miaka minne, akinung'unika. Alikuwa na mikono myepesi, ulimi mwepesi zaidi, na karibu miaka thelathini. "Mathe, hiki nimetoka kukikata sasa hivi," angesema, akiwa na kijiti mkononi. "Kwani kimesahau urefu wake?" Khalayi hakuwa mtu wa maelezo. Alimwonyesha ukuta kwa kidole, na Gordon akaenda kumchukua mama.

Mwaka jana Khalayi alianza kuvaa miwani. Mwaka huu Gordon aliondoka akafungua kibanda chake Kayole. Hilo halikumuudhi, hakuna fundi anayezeeka chini ya fundi mwingine. Kilichomuudhi alikisikia kwa Aqil, mtengeneza simu wa pale sokoni ambaye ni mchezaji wa klabu hiyo. Klabu ilikuwa inaandaa shindano la mitaa yote ya Eastlands, mashariki mwa jiji, na ilihitaji vijiti sitini vya kufanana, vya mezani na vya kugawia mitaa baadaye, ili pasiwe na ugomvi wa vipimo. Gordon alikwenda ukumbini kuomba kazi. Walipomuuliza habari za mwalimu wake, alisikitika kidogo.

"Alisemaje?" Khalayi aliuliza.

Aqil alitazama viatu vyake. "Mama Wafula, ni mzaha tu."

"Nipe huo mzaha."

"Alisema macho yamekwisha. Eti siku hizi unapima kwa kubonyeza, kama mtu anayechagua nyanya."

"Na watu?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Aqil alirudisha macho kwenye viatu. Kazi ilikuwa imekwenda kwa Gordon.

Khalayi alipiga randa mpaka jioni. Miaka ishirini alikuwa amejenga kitu kimoja tu, nacho ni kwamba akikuambia inchi sita, unalala usingizi. Sasa ukumbi mzima uliamini ni kipofu, na aliyewaaminisha alifundishwa naye kushika patasi.

Wiki tatu kabla ya shindano, vijiti vya Gordon vilifika klabuni, kila kimoja kikiwa na nambari iliyochomwa kwa msumari wa moto. Khalayi alimwomba Aqil amletee kimoja. Alileta nambari ishirini. Kililainishwa vizuri, kikapakwa vanishi ya kung'aa. Khalayi alikilaza kando ya rula ya chuma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kilizidi kwa unene wa njiti mbili za kiberiti.

Alijua papo hapo kilichotokea, kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya Gordon akimtazama. Mstari wa penseli una unene wake. Ukipima kijiti kwa kile ulichomaliza kukata, unauongeza unene huo. Cha tatu kinaurithi wa cha pili, cha nne wa cha tatu. Kila kimoja hufanana na kilichokitangulia, kwa hiyo jicho halishtuki. Na kama cha ishirini kilikuwa hivi, cha sitini kingekuwaje?

"Waambie leo," Aqil alisema. "Watavirudisha, kazi utapewa wewe."

"Walinicheka wakiwa wangapi?"

"Sijui. Ishirini na kitu."

"Basi ngoja ishirini na kitu wakusanyike tena. Na wewe ukifungua mdomo, simu za mtaa huu utazitengenezea nje ya soko."

Wiki hizo tatu Khalayi alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Kanisani aliimba sauti ya kwanza. Aliyemjua vizuri angeogopa.

Siku ya shindano alifika mapema, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na chai yake. Gordon alimwona, akaja kumsalimia kwa sauti ya kusikika na wote. "Mathe! Niaje? Umeiona njia vizuri?"

"Nimeiona," alisema Khalayi, akanywa chai.

Kulikuwa na meza nane, kila moja na kijiti chake, na mchezaji hakuruhusiwa kutumia kingine. Khalayi alitazama raundi ya kwanza ikipita. Akatazama ya pili. Katika ya tatu, Marion Andati, mwenyekiti wa klabu na mfamasia ambaye jeshi lake lilimchukua mwaka mzima kulipaka rangi, alikuwa amebakisha hatua moja kushinda. Hamidi wa Kayole alilaza kijiti kutoka kwa askari wake hadi kwa jenerali wa Marion.

"Imefika!"

"Haiwezekani," Marion alisema. "Nilihesabu, ni zaidi ya inchi sita."

"Dada, kijiti hakina undugu na mtu. Imefika."

Marion alimwondoa jenerali wake mezani. Hapo ndipo Khalayi aliposimama.

Alipita kila meza akiokota vijiti, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu alitembea kama mwenye vijiti. Akavisimamisha wima mbele ya Marion kwa kufuata nambari: nne, kumi na moja, ishirini, mpaka hamsini na nane. Vilipanda kama ngazi. Cha mwisho kilikizidi cha kwanza kwa unene wa kidole.

Watu walisogea karibu. Kisha mtu akasema kutoka nyuma, "Buda, hivi vinakua kama mahindi!" na ukumbi ukalipuka. Gordon alishika kimoja, akashika kingine, akavigeuza.

"Haya," Khalayi alisema. "Kipofu ni nani?"

Aliungoja wakati huo kwa siku ishirini na moja, na ulikuwa mtamu kama alivyoutarajia. Lakini Marion hakuwa akicheka.

"Mama Wafula, ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Ukanyamaza. Watu wametoka Umoja, wametoka Dandora, wamecheza tangu asubuhi."

"Nilitukanwa mbele ya watu. Nimejibu mbele ya watu."

Shindano lilifutwa. Wachezaji walifunga askari wao kwenye sponji na kuondoka bila kuagana naye.

Jumatatu Gordon alikuja karakanani, safari hii bila mbwembwe. Maagizo mawili ya wateja wake yalikuwa yamefutwa. "Mathe, nisamehe mdomo wangu. Lakini niambie tu, vilirefukaje? Msumeno ni mmoja, mkono ni mmoja. Sijalala."

Sentensi moja ingetosha. Khalayi aliihisi ulimini. Akachukua msasa, akaendelea kulainisha mguu wa kitanda mpaka Gordon alipochoka kusimama.

Klabu ilimpa kazi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alikata sitini kwa siku nane. Marion alikuja kuvichukua mwenyewe, akatoa mkobani rula yake ya chuma, akavuta kigoda, akaanza kupima kimoja kimoja. Hakuna mteja aliyewahi kumpimia Khalayi kazi mbele ya uso wake. Alisimama, mikono kwenye aproni, akangoja.

"Gordon anajua alikosea wapi?" Marion aliuliza, akiwa kwenye kijiti cha arobaini na moja.

"Hajui."

"Utamwambia?"

"Akate vingine sitini. Labda ataona."

Marion alikiweka kando cha arobaini na moja, akachukua cha arobaini na mbili, akakilaza kwenye rula.