Magadi ya Ng'ombe na Jasho la Baba

Mabua ya ngano yaliyokatwa yana harufu yake, ya vumbi na jua, na hadi leo ikinifika puani naliona koti la baba. Msimu ule tulishuka kutoka Tlawi kwenye baridi, tukaenda Basotu kwenye mashamba ya ngano ya serikali, baba apakie magunia. Nilikuwa darasa la pili. Shule niliiacha baadaye bila majuto. Wenye vyeti leo nawaajiri. Koti la baba lilikuwa zito, la sufu, na kwetu mtu mzima havui koti mbele za watu. Basi akapakia magunia nalo, jua la saa saba kichwani, jasho likimtoka hadi kola ikafanya ukoko mweupe. Mama alimjazia kibuyu cha maji, kikaisha, akajaza tena. Siku ya tatu baba akatapika, miguu ikatetemeka, akaniita kwa jina la dume letu la ng'ombe. Nilicheka. Mama hakucheka.

Tulimpeleka zahanati kwa trela la trekta. Nesi alikuwa mama mmoja wa Tanga, mwenye maneno. Akapitisha kidole kwenye ile kola.

“Hii ni chumvi ya mwili wake. Ng'ombe wenu mnawapa nini?”

“Magadi, nesi, chumvi yao ya kulamba. Wakikosa wanadhoofika.”

“Na huyu?”

“Maji. Mengi.”

“Basi ng'ombe ana heri kuliko mume wako.”

Nesi akamvua koti kwa mikono yake, na baba hakuwa na nguvu za kubisha. Kwa baba maji yalikuwa yamezidi unga kwelikweli. Akamnywesha uji wa chumvi kidogo kidogo, huku akitueleza kwamba mwili hujipimia wenyewe: joto likizidi unatoa jasho, maji yakipungua unaleta kiu, ila chumvi iliyotoka na jasho maji matupu hayairudishi. Jioni baba akaniita kwa jina langu.

Leo nalima ngano yangu, kwa trekta zangu, na hakuna aliyenishika mkono. Vibarua wangu hawapakii na koti, na uji wao una chumvi. Zamani niliuonja mwenyewe. Sasa anauonja mke wangu, maana daktari amenipima presha akanikataza chumvi. Nakaa uani na mboga yangu isiyo na ladha, na mbele yangu ng'ombe wanalamba magadi. Yule nesi alisema kweli, ng'ombe ana heri.