Nilifunika plau la trekta kwa turubai, kijiji kikaamini nimepata hazina ya Mjerumani

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai. Anayebisha aje Chemba, majirani zangu wote ni mashahidi, ingawa hawapendi kuulizwa.

Mimi ni mkulima, nina trekta chakavu na plau la disc. Trekta lina kibanda chake. Plau halikuenea humo, likawa linalala nje, jua lake, mvua yake.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja kule Kizota, Dodoma mjini. Akajaribu kuzungusha disc kwa mkono, ikagoma. Bearing zote kutu.

Akaniambia, "Ukimaliza kulima osha udongo, paka grisi, liinue kutoka chini, funika. Ila acha upepo upite."

Nikarudi nyumbani nikiwa serious.

Kuinua plau kunataka mawe bapa. Karibu na shamba langu kuna magofu, wazee wanasema Mjerumani alikuwa na boma pale. Nikabeba mawe yaliyokwisha kuporomoka, kwa mkokoteni, mchana kweupe.

Mnajua imani za huku. Kila alipokaa Mjerumani, watu wana hakika kwamba vita ilipomzidi alifukia sanduku la rupia akakimbia.

Sasa majirani walichoona ni hiki: natoka magofuni na mzigo mzito. Napanga mawe nyuma ya nyumba. Nafunika kitu kikubwa kwa turubai, nakaza kamba. Halafu kila asubuhi nafunua kona, nachungulia, nafunika tena.

Mimi nilikuwa naangalia unyevu.

Ghafla nikawa mtu mkubwa. Kwenye harusi niliwekwa meza ya mbele. Jirani niliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba akaniletea jogoo. Nikadhani ni tabia yangu njema imeanza kuonekana.

Kisha akaja mjomba wangu Hamisi kutoka Kondoa, bila taarifa, ameongozana na bwana mmoja mwenye mashine ya kupima madini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba," akajibu, hata maji hajanywa. "Sisi ni damu moja. Kama kuna kitu, tuambiane."

Sikumwelewa. Yule bwana akawasha mashine, akaisogeza kwenye turubai. Ikalia mpaka mbuzi wakatawanyika.

"Ni plau, mjomba," nikasema, nikafunua.

Wakalizunguka, wakachungulia chini yake. Mjomba akatikisa kichwa taratibu. "Umeweka plau juu yake. Una akili sana."

Nilichukulia utani. Kesho yake nikaenda Dodoma mjini kutafuta bolt, na mke wangu alikuwa kwenye msiba mtaa wa pili.

Nilivyorudi alasiri, nyuma ya nyumba kulikuwa na watu kama mnadani, mjomba akiwa katikati yao. Walichimba chini ya plau pande zote, kwa adabu, bila kuligusa. Mawe yakakosa pa kukaa, plau likatumbukia kichwa chini. Nashukuru hakuna aliyeumia.

Na mvua ikaanza.

Wakuu, mvua ya kwanza huku ukiichelewa, mwaka umekwenda. Nilikaa ukingoni mwa shimo nikashindwa hata kugomba. Aliyegomba ni mke wangu, Mama Zuhura, aliyerudi kutoka msibani.

"Mliolitumbukiza mtalitoa," akawaambia. "Halafu mtajenga banda."

Wakaletwa ng'ombe na minyororo, watu wakashuka kwenye tope kusukuma. Grisi niliyopaka kwa upendo ikahamia kwao. Mjomba aliingia na kanzu nyeupe, akatoka mweusi kama sufuria ya msibani.

Plau likatoka, disc zinazunguka vizuri kabisa. Nikawahi kulima. Banda la miti na nyasi wakajenga wenyewe, wala halivuji.

Siku mjomba anaondoka, nikamsindikiza stendi. Akasubiri watu wapande basi, akaniinamia sikioni.

"Mjomba, sasa tumebaki wawili. Lile sanduku umelihamishia wapi?"

Funzo nililopata: chuma cha nje kioshe, kipake grisi, kiinue, kifunike. Lakini kabla ya kufunika, ita majirani waone, wakiguse, ikibidi wapige nacho picha.

Nyie wenzangu msio na stoo, plau na haro zenu mnazitunzaje? Uwanja wenu. Ila atakayeandika "sema ukweli mkuu" simjibu.