Maneno ya Rebeka Yafika Doha

Wengi wenu mmeniuliza nilikwenda Doha kufanya nini, mtu wa umri wangu ambaye kabla ya hapo safari yangu ndefu ilikuwa Nairobi. Wengine mlidhani nimepata kazi ya ujenzi, kwa kuwa mnanijua kwa mwiko na timazi. Nilikwenda kumwambia kijana wangu Daudi maneno ya mama yake. Nilikuwa nimekaa na maneno hayo miezi minne.

Rebeka, mke wangu, alifia hapa nyumbani Kiminini baada ya kuugua tumbo muda mrefu. Daudi anaendesha basi la wafanyakazi wa hoteli kule Doha, na hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Aliyatazama mazishi kwenye simu, ameegesha basi nyuma ya hoteli, na mtandao ukakatika jeneza likiwa bado halijashushwa. Tangu siku hiyo aliacha kanisa. Kila nilipompigia simu na kugusia habari za imani, alinijibu kwa adabu, "Baba, tuongee mengine. Ng'ombe amezaa?" Nami nilimweleza habari za ng'ombe.

Rebeka alikuwa ameniagiza hivi: "Mwambie Daudi mwishoni sikuogopa. Usimpe maneno ya mazishini. Mwambie ulivyoniona." Mimi ni mzee wa kanisa, lakini ninyi mnajua kazi yangu pale. Napanga viti, nafunga madirisha, nakaa mbele na kunyamaza. Kazi ya kushuhudia niliiona ni ya mchungaji na ya kwaya. Daudi aliponitafutia viza ya mgeni ili nikapumzike kwake siku tisa, nilikubali siku hiyo hiyo. Niliogopa kwamba nikizidi kukaa kimya nitampoteza na yeye.

Ijumaa asubuhi niliondoka Kiminini kwa basi. Mchungaji wetu alikuwa ameniandikia hotuba kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, hoja tano juu ya tumaini la wokovu. Nililala Nairobi kwa mpwa wangu, na Jumamosi mchana nikapanda ndege. Nilikariri hoja zile angani, macho nimeyafumba na midomo inatembea. Mhudumu wa ndege alidhani ninaomba kwa kuogopa ndege, akaniletea maji mara mbili bila kuitishwa.

Jumamosi jioni nilifika. Daudi alikuwa akinisubiri uwanjani, amekonda kidogo, ndevu zimejaa. Alinikumbatia, akachukua begi langu, akaniuliza kama nimekula. Hakumtaja mama yake, wala mimi sikumtaja. Nje joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri la matofali.

Anakaa mtaa wa Najma, mtaa wa zamani wenye maduka madogo yaliyobanana. Hapo utapata fundi wa nguo, kinyozi, duka la simu, na duka linalouza unga wa mahindi kutoka kwetu. Chumba chake kimegawanywa kwa mbao. Upande wa pili anakaa Mganda mmoja, Ssemakula, mlinzi kwenye jengo la ofisi, mtu wa mzaha mwingi na shati lililopigwa pasi. Alinipa mikono yote miwili akasema, "Mzee, karibu. Mwanao anapika vibaya, sasa tutapona."

Jumapili asubuhi niliamka mapema, nikavaa suti yangu ya kijivu na tai, nikafuta viatu, nikaketi kitandani kusubiri. Daudi alikuwa ameondoka kwenda kazini alfajiri bila kusema kitu. Saa mbili ikafika, saa tatu ikafika. Ssemakula akaingia kutoka zamu, akasimama mlangoni akinitazama.

"Mzee, una harusi leo?"

"Nangoja kwenda kanisani."

Alijaribu kujizuia kucheka, akashindwa. "Jumapili ya hapa ni Ijumaa, Mzee. Umekosa kwa siku mbili. Vua koti, utayeyuka."

Nilivua koti. Akanieleza kwamba Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko ya watu wengi, ndiyo sababu ushirika wa wasemao Kiswahili hukutana siku hiyo huko Mesaimeer. Ni eneo moja lenye makanisa ya mataifa mengi, nalo lina ukuta na ukaguzi langoni. Ibada hufanywa humo ndani. Huko nje mtu hagawi karatasi wala hahubiri barabarani. Mimi ni mgeni, na sheria ya mwenyeji niliiheshimu. Isitoshe, mtu niliyetumwa kwake alikuwa mwanangu mwenyewe, aliyebatizwa mbele yangu.

Jumanne alasiri Daudi alikuwa na mapumziko kati ya safari za basi. Alisonga ugali, tukala na sukuma wiki iliyotoka kwenye barafu. Nikaona saa imefika. Nikafungua daftari, nikaanza hoja ya kwanza. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika hoja ya tatu aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi.

"Baba, hayo umeandikiwa."

"Ndiyo."

"Na mchungaji?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie nimeshukuru. Ana mwandiko mzuri."

Nikafunga daftari. Yeye akaendelea, sauti yake haikupanda. "Nilifunga siku tatu, nikiendesha basi na njaa. Nilimwambia Mungu, mama apone, mimi nitafanya chochote. Siku ya tatu ukanipigia simu. Sasa unaniletea hoja tano." Akasukuma sahani. "Wewe ulikuwa chumbani pale. Mimi sikuwepo. Uliona nini? Wewe mwenyewe unaamini nini, Baba?"

Hilo ndilo swali nililolikimbia miezi minne. Naandika ukweli: nililikimbia tena. Nilikusanya sahani nikaenda kuziosha jikoni, na niliziosha muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Niliporudi alikuwa amerudi kazini.

Siku mbili zilizofuata tuliongea habari za bei ya mbolea.

Ijumaa asubuhi nilivaa suti tena. Daudi alimaliza safari yake ya kwanza ya basi saa tatu, akaja kunichukua kwa teksi. Njiani aliniambia, "Nitakufikisha langoni. Nitakungoja kwenye maegesho." Sikubishana naye.

Mesaimeer niliona watu ambao sijawahi kuona pamoja: Wafilipino, Wahindi, Waethiopia wenye mashuka meupe, Wanigeria waliovaa kama kwenye sherehe, wote wakipita ukaguzi mmoja na kuelekea majengo yao. Kwa nje huoni msalaba. Ukiingia ndani unasikia nyimbo zinatoka kila mlango. Langoni Daudi aliniongoza kwa sababu sikuelewa nilichoulizwa, na tulipovuka, maegesho yalikuwa jua tupu bila hata kivuli cha mti. Alisimama pale kama dakika tano, jasho linamtiririka, halafu akasema, "Twende. Nitakaa nyuma." Jua la Doha lilimwingiza kanisani, na mimi nililishukuru.

Ukumbi wetu ulikuwa ghorofa ya kwanza, na tulikuwa na saa moja na nusu tu, kwa maana baada yetu wanaingia Waethiopia. Walikuwapo mayaya, walinzi, wauguzi, madereva, wengine wametoka zamu bila kulala. Waliimba kwa nguvu kuliko tunavyoimba sisi ambao tuna Jumapili nzima. Kisha kiongozi wao, muuguzi mmoja wa kike kutoka Kisii, akasema, "Tuna mgeni kutoka nyumbani. Baba Daudi, njoo utupe salamu. Dakika tatu, Baba, wenzetu wako mlangoni."

Mnajua salamu zetu. Unasimama, unamsifu Bwana, unasema nyumbani hawajambo, unaketi. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti. Niliwatazama watu wale, nikajua kwamba karibu kila mmoja ana mtu aliyemwacha nyumbani na anaogopa simu yake isije ikalia. Nikamwona Daudi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Nikaliacha daftari mfukoni.

Nikasema: "Mke wangu alikufa miezi minne iliyopita. Siku ile asubuhi sikuwa chumbani kwake. Nilikuwa nje napigilia msumari mlango wa banda la kuku. Mlango haukuwa umeharibika. Nilikuwa naogopa kumwona akifa."

Nikaendelea.

"Akaniita. Akasema, 'Baba Daudi, mlango huo umekukosea nini? Njoo ukae.' Nikaenda nikakaa. Akaniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo. Akaniambia, 'Mimi niliogopa mwezi uliopita. Nililia mpaka nikachoka. Sasa hofu imekwisha. Yesu yuko hapa karibu yangu kama wewe ulivyo karibu.' Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kumsikia mtu akisema hivyo akiwa hana wa kumpendeza. Alikuwa na maumivu. Dawa zilikuwa zimekwisha nguvu. Hakuwa na sababu ya kunidanganya."

Kiongozi alitazama saa yake. Mlango ukafunguliwa, Waethiopia wa kwanza wakachungulia. Aliwaonyesha mkono wasubiri, nao wakasimama pale na mashuka yao, hawaelewi neno, wametulia.

"Akaniomba chai. Akanywa mafunda mawili, akasema nimemwaga sukari yote ya nyumba. Halafu akanishika mkono akanipa ujumbe wa mwanangu, kwamba mwishoni hakuogopa, na kwamba nimweleze nilivyomwona. Kisha akaenda, taratibu, kama mtu anayeitwa na mtu anayemfahamu sauti. Nilikuwa nimeamini kwa mazoea. Asubuhi ile niliamini kwa kuona. Mwanangu aliniuliza Jumanne ninaamini nini, nikakimbilia kuosha vyombo, kwa sababu mimi ni mwoga. Sasa namjibu. Daudi, mama yako yu hai kwa Bwana. Uliomba apone, na hakupona, sijui kwa nini, na sitakudanganya kwamba najua. Lakini Bwana hakumwacha hata dakika moja. Nilikuwepo. Nimepanda ndege kuja kukuambia hivyo, na nimechelewa miezi minne. Unisamehe."

Niliketi. Sikusema nyumbani hawajambo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti ya chini, na kiongozi akafunga kwa sala fupi, kisha tukapishana na Waethiopia mlangoni. Mzee wao mmoja alinishika bega akasema kitu kwa lugha yake. Nilimwelewa.

Daudi alikuwa ameshatoka. Nilimkuta kwenye ngazi, ameegemea ukuta, watu wanapanda na kushuka kando yake.

"Chai ilikuwa na sukari nyingi kweli?" akauliza.

"Vijiko vitano. Nilikuwa nikimtazama yeye."

Akacheka. Kicheko hicho kikageuka kilio katikati, na alilia kama hakuna mtu pale, kilio alichokuwa amekizuia tangu simu ilipokatika nyuma ya hoteli. Nilimshika. Waumini wetu waliokuwa wanashuka walisimama juu yetu kwenye ngazi wakangoja. Alipotulia, alijifuta uso kwa mkono wa shati, akasema, bila kufumba macho, "Mungu, asante kwa kuwa ulikaa naye. Nimekukasirikia sana. Nirudishe." Ni hayo tu. Muuguzi wa Kisii akaitika amina, na mtu mmoja juu kabisa akaanzisha wimbo wa ufufuo. Wakauimba pale pale kwenye ngazi, kwa sababu ukumbi haukuwa wetu tena. Wafilipino waliokuwa wanapita waliujua kwa lugha yao, wakaingia nao. Nimesikia kwaya nyingi maishani. Hiyo ya kwenye ngazi naiweka juu ya zote.

Tulirudi Najma tukiwa na njaa. Ssemakula alitazama macho yetu mekundu akauliza, "Mmepigana?" Daudi akamjibu, "Tumepatana," akaanza kusonga ugali, na siku hiyo ulikuwa mbaya kweli.

Jumapili alasiri Daudi alinisindikiza uwanja wa ndege. Njia nzima aliniuliza habari za mama yake: alizikwa na kitenge kipi, nani alisoma, mvua ilinyesha au la, jeneza lilishuka sawasawa. Nilimjibu yote. Hakuulizia ng'ombe.

Nimekuwa nyumbani wiki tatu sasa. Juzi Daudi alinipigia. Abiria mmoja wa basi lake, msichana wa Busia anayefanya usafi hotelini, alipata habari kwamba baba yake amefariki, naye hawezi kusafiri. Wenzake waliposhuka, yeye alibaki ameketi kiti cha nyuma, hashuki. Daudi akazima injini, akaenda akaketi kiti cha jirani.

"Nikamwambia habari za mama," akanisimulia. "Banda la kuku, chai, kila kitu. Nilianza nikisema 'baba yangu aliona.' Katikati, Baba, nikasikia nimesema 'ninajua.'"

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema nianze tena, kutoka mwanzo."

Nilikuwa nadhani kushuhudia ni kazi ya wenye elimu na sauti nzuri. Nimejifunza kwamba ni kazi ya aliyekuwepo. Ukijua kwamba Kristo amelishinda kaburi na ukamnyima habari hiyo mtu anayelia, umemfungia mlango. Waambieni watu wenu mliyoyaona, kwa maneno yenu, hata kama ni machache, hata kama mmechelewa. Nilipeleka maneno ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, na hayakuishia kwake.