Godoro la Mama Mkwe Lililoziba Mlango Kalamba

Siku ya kwanza kazini nilipewa fimbo mbili na rundo la pamba lililonifika kiunoni, nikaambiwa nipige. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimevaa blauzi nyeupe, nikadhani karakana ya magodoro ina meza na kiti changu. Ilikuwa banda la mabati nyuma ya maduka ya Kitui mjini, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Fundi Mkuu, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, aliniangalia nikipiga chafya akasema, "Pamba ikilala imeshikana, mteja naye ataamka ameshikana. Piga."

Nyinyi mnaonunua sponji iliyokunjwa kama chapati hamjui ninalosema, kwa hivyo sikilizeni. Godoro la pamba lilianza kama mfuko wa marudufu, kile kitambaa kigumu cha mistari. Upande mmoja uliachwa wazi, tukauita mdomo. Tulishindilia pamba kuanzia pembeni, tukafunga mdomo kwa uzi wa katani, kisha tukalitoboa kwa sindano ndefu na kukaza vifundo ili pamba isitembee ndani. Likiisha, halikunjiki. Na sheria ilikuwa moja: mdomo ukishafungwa, mkasi haugusi godoro la mteja. Aliyeligusa alirudi kwao.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Sultan Hamud, chini ya Meneja, mpwa wa Fundi Mkuu, mtu aliyeshika sheria za mjomba wake kuliko mjomba mwenyewe. Wakati huo nilikuwa na Mwende, mtoto wa miezi minne. Baba yake alikuwa amepotelea Mombasa. Nyumba nzima, mpaka mama yangu mzazi, ilikula kwa sindano yangu.

Ndipo akaja mteja aitwaye Mutinda. Kwetu Ukambani mkwe humpelekea mama mkwe blanketi, na wakwe wenzake walikuwa wameshapeleka mablanketi mazuri. Mutinda akataka kuwamaliza: godoro la futi sita kwa sita, limejaa, la kupelekwa Kalamba. Meneja aliuliza habari za kitanda. Habari za mlango hakuna aliyeuliza. Tena Mutinda akakataa wapagazi wetu. Alitaka majirani wamwone akilibeba mwenyewe na ndugu yake. Mimi nilitumwa kwenda kukaza vifundo likishatandikwa, nikaenda na Mwende.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya vyumba viwili, na mlango wa chumba cha ndani ulikuwa mwembamba, umebanwa kwenye kona. Mama mkwe aliingia ndani kuondoa vyandarua na mablanketi. Nikamlaza Mwende mle ndani juu ya mablanketi, nikamwachia mama mkwe, nikatoka kuwaelekeza wanaume. Walisukuma. Godoro likaingia nusu, likajipinda, likakwama. Hakuna hata mwanga uliopita. Dirisha la kile chumba lilikuwa limezibwa kwa udongo kwa hofu ya wezi.

Mwende akaanza kulia.

Hapo ndipo Mutinda alipokumbuka amesimama wapi. Kuna nthoni, heshima ya wakwe: mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wala haoni kitanda chake. Aliliachilia godoro kama limemchoma, akatoka uani na ndugu yake, wakaipa nyumba mgongo.

Nilimfuata kwa hasira. "Rudi ushike, tulivute."

"Siwezi. Likichomoka ghafla nitakiona kitanda cha mama."

"Funga macho."

"Na yeye je? Atajificha wapi?"

"Mutinda, mtoto wangu yuko gizani humo. Heshima yako ina maziwa?"

Akaangalia barabara. Ndani mama mkwe aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kusikika. Akasema mtoto anapumua vizuri, amembeba, lakini anatafuta titi, na yeye mzee hana la kumpa.

Nilivuta peke yangu. Halikusogea. Basi nikatoa mkasi. Nilijua nakata nini: nilikuwa nakata ugali wa mama yangu. Nikapasua marudufu kutoka kona mpaka katikati, nikachota pamba kwa mikono miwili na kuitupa nyuma yangu, mpaka godoro likalegea kama ng'ombe anayelala. Nikapanda juu yake, nikaangukia ndani, nikamnyonyesha mwanangu nimeketi kwenye pamba hiyohiyo.

Tulilivuta lote ndani, tukalishona humo, mimi na mama mkwe. Mutinda alituletea pamba kwenye karai, akilisukuma kwa fimbo mpaka kizingitini huku ametazama dari. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Tukishona, aliniambia mambo ya ndoa yake ambayo kanisani hayajawahi kusikika.

Kesho yake nilimwambia Meneja mwenyewe, kabla mtu hajamwambia. Aliuliza, "Ulikata uzi au kitambaa?" Nikasema kitambaa. Nikaanza kufungua aproni.

"Ifunge," akasema. "Tuna godoro la kupeleka Nunguni, mlango wake mdogo kuliko huo. Utaenda na mfuko mtupu na pamba kwenye magunia, ushonee ndani. Mwanamume sitamtuma kwenye chumba cha mama mkwe wa mtu. Na mtoto umbebe mgongoni."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mpaka miaka ya tisini. Niliingia vyumba vya ndani kutoka Kitui hadi Makueni, nikashona mlango ukiwa umefungwa. Kisha sponji ikaja, karakana ikafungwa, nami nikastaafu nikiwa bado na mtoto wa kunyonyesha, mdogo wake Mwende, ambaye mtoto wake sasa hivi ananivuta kalamu.

Hamnisikii nikililia pamba. Ilinipa kikohozi. Ninayemkumbuka ni mama mwenye kitanda, aliyepata siku nzima ya kukaa na mwanamke mwenzake, mikono ina kazi na mdomo una nafasi. Juzi nilimwona kijana akipitishia jirani yangu mjane sponji dirishani. Alimaliza akaondoka kabla yule mama hajatoka jikoni. Mama alipotoka alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai, na barabara ilikuwa tupu. Nikavuka, nikachukua kimoja.