Nusu ya Picha ya Hilaire

Hilaire hakuwa msanii, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuambia. Kwao Butembo, mashariki mwa Kongo, alichora vibao vya maduka: kichwa cha mtu kwa kinyozi, ng'ombe kwa mwuza nyama. Hapa Brussels aliosha sahani katika nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa Berchem. Mwaka 1998 tume ya bunge la Ubelgiji ilikuwa ikichunguza silaha zilizopelekwa Kivu, na kamera zilikatazwa chumbani. Mhariri wa gazeti moja, ambaye mama yake alitunzwa katika nyumba ile, alikuwa ameona jinsi Hilaire alivyowachora wazee nyuma ya karatasi za menyu. Akampa karatasi kubwa na kiti cha pembeni chumbani mle, alichoree gazeti vikao vya tume.

Mimi ni jirani yake. Mnisamehe nikipandisha sauti, maana jambo hili mpaka leo linanichemsha damu.

Shahidi wa siku ya kwanza alikuwa Maman Kahambu, mjane aliyeishi mtaa wa Laeken. Mumewe, Sylvestre, alikuwa mtunza bohari kule nyumbani. Aliletewa masanduku yaliyoandikwa dawa, akafungua moja, akakuta risasi, akakataa kutia sahihi. Wiki hiyohiyo walikuja kumchukua, na hakuonekana tena. Kahambu alitaka kitu kimoja tu: jina la Sylvestre liandikwe katika ripoti ya tume. Kaburi hakupewa, basi angalau apewe ukurasa.

Alitoa ushahidi wake akiwa ameinamisha macho, kama alivyolelewa. Mkubwa humkodolei macho unaposema naye. Hilaire akamchora hivyohivyo bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kwake macho yale yalikuwa adabu tupu. Kisha akachora meza yote iliyokuwa mbele ya mama huyo, pamoja na wajumbe kumi na mmoja wa tume, kila mmoja alivyokaa. Mchora vibao hapendezeshi, alizoea kusema. Ng'ombe akiwa na pembe moja, utamchora na pembe moja.

Kesho yake gazeti likatoka. Picha ilikuwa imekatwa katikati! Amebaki Kahambu peke yake, macho chini, na chini ya picha maneno haya: "Shahidi ashindwa kuitazama tume usoni."

Ashindwa! Mama wa watu amesimama saa mbili nzima akisimulia yaliyomkuta, halafu mtu aliyekaa ofisini na kahawa yake anaandika ashindwa. Katika mji huu asiyekutazama machoni ni mwongo, kila mgeni hulijua hilo. Hata Hilaire alilijua. Alisahau tu alikuwa akiwachorea nani.

Wakili akamwonya Kahambu kwamba baadhi ya wajumbe wameanza kusema ushahidi wake uachwe. Alhamisi angeitwa tena mara moja, na Ijumaa wangepiga kura. Jioni hiyo mama akapanda tramu mpaka kwa Hilaire, gazeti mkononi. Nami nilikuwepo, wakisema Kiswahili cha kwao, ambamo "wale" huwa "bale".

"Hilaire, umenifanya nini? Ku église, ku kanisa yetu, banasema niko muongo."

"Maman, pardon. Mie nilichora ile niliona. Ni bale ba journal banakata."

"Banakata nini?"

"Bale ba mbele yako. Bote onze, kumi na moya."

Kahambu akalikunja gazeti. "Bon. Alors, basi uende ubalete."

Asubuhi Hilaire akaenda kwenye gazeti, karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord. Mhariri akamwambia nafasi haikutosha. Nafasi! Ukurasa uleule tangazo la magodoro lilikuwa limejinyoosha robo tatu. Nusu ya picha iliyobaki aliipata hapohapo ofisini, ndani ya sanduku la takataka, akaiunganisha na ile ya Kahambu kwa utepe wa kunata.

Alhamisi wakili akaiweka picha nzima mezani mbele ya mwenyekiti. Pichani mjumbe mmoja alikuwa akitazama saa yake. Wawili walikuwa wakisoma gazeti, mmoja akikata kucha, mwenyekiti mwenyewe akitafuta kitu mkobani. Vichwa kumi na kimoja, vyote vimeinama, na hakuna hata jicho moja kwa Kahambu.

Kahambu akaomba kusema.

"Mie niliangalia chini juu ya heshima," akasema. "Na ninyi, mulikuwa munaangalia chini juu ya nini?"

Mkalimani aligeuka kumtazama mwenyekiti. Kisha akatafsiri neno kwa neno, "juu ya" akiitia "kwa sababu ya", Mungu ambariki. Nikiwa viti vya nyuma niliona vichwa vikiinuka kimoja kimoja.

Mwenyekiti akafunga mkoba wake. "Madame," akasema, "tunakuomba uanze upya, tangu mwanzo."

Akaanza upya, macho chini vilevile. Adabu yake hakuibadilisha kwa ajili yao.

Sylvestre yumo katika ripoti, ukurasa wa 214. Na siku ile Hilaire alichora tena: wajumbe kumi na mmoja, vichwa juu, wote wakimtazama mwanamke mmoja. Akaipeleka gazetini. Walimrudishia, wakasema picha hiyo haina habari.