Kanda ya Nne ya Bi Mahbuba

Mahbuba, mkunga wa pale Ansab, alikuwa mtu wa buibui na swala zake tano, na mapenzi yake yalikuwa bendi ya zamani ya roki, Waingereza wenye nywele ndefu kuliko zake. Albamu zao zote sita anazo, za kanda.

Ijumaa moja, mwaka wa tisini na sita, harusi ya Nawar, mtoto wa dada yake, ilikuwa baada ya alasiri. Kanda tupu ya kurikodia ngoma haipo, na maduka yamefungwa. Sleiman, mdogo wake, akafungua kabati.

"Tufute iliyo mbovu, dada. Na mbovu inajulikana. Ya nne."

Aflah, mumewe Mahbuba, akaitikia huku anachokoa meno. "Ile wameimba wamelala. Gitaa halipandi hata mara moja. Albamu ni ya pili, bwana. Dunia nzima yasema."

"Dunia ipi iliyokutuma weye?" Mahbuba akaitwaa ya nne, akaikalia. Ndiyo aliyokuwa akiisikiliza kila akirudi kuzalisha, miguu imemvimba, mpaka moyo ukatulia. "Haya, tuhukumu. Tieni hiyo ya pili, ipigwe upande mzima. Atakayegusa kitufe, albamu yake imeshindwa."

Nyimbo mbili zikapita, wote wanatikisa vichwa, na Mahbuba naye, maana hakuwa mnafiki. Ya tatu, mpiga ngoma akabaki peke yake, anagonga, anagonga. Aflah akatazama saa. Sleiman akajikuna, kisha mkono wake ukenda kwenye kitufe cha kupeleka mbele.

"Ah, hii kila mtu huiruka."

"Yangu mie siruki hata moja."

"Hata hivyo ni mbovu," akasema Aflah. "Wawili kwa mmoja, mke wangu. Umeshindwa."

"Nimesikia."

Akaitoa kanda ya pili, akaziba kwa karatasi ya gundi kile kitundu cha juu, ili ikubali kurikodiwa. Akaitia mkobani pamoja na ya nne, akachukua na redio.

"Mahbuba, hiyo ya pili siyo ya kufuta!" Aflah akanyanyuka.

"Nifuateni basi. Mkaninyang'anye mbele ya wanawake."

Wakamfuata mpaka mlango wa ukumbi, wakasita hapo. Ndani ni wanawake watupu, vichwa wazi; mwanamume haingii. Mahbuba akapita katikati ya vigelegele, akaiweka redio karibu na wapiga ngoma, akaitia kanda ya pili, akabonyeza kitufe chekundu cha kurikodia.