Udi wa Alhamisi na Seva ya Faza

Usiku ule tulikuwa tukingoja habari za mashine. Binti yangu Razan alikuwa amejifungia chumbani mwake na laptopu. Mimi nilikaa ukumbini karibu na mlango wake, nikivuta tasbihi na kupoteza hesabu njiani. Mashine yenyewe, seva, ilikuwa katika chumba cha ndani, mwisho wa nyumba, ikinguruma.

Kazi ya Razan ni kuzijaribu seva kabla hazijapelekwa zinakotakiwa. Hii ilikuwa ya zahanati za Faza, itunze rekodi za wagonjwa. Ofisi ya kazini kwake hapa Amu ni kijichumba cha bati, kwa hiyo aliileta nyumbani, kwenye kuta nene za mawe. Aliacha mlango na dirisha la chumba cha ndani wazi, upepo uipoze, akawasha programu yake.

Nilimuuliza programu hiyo yafanya nini.

"Mama, sufuria mpya ya Maulidi waijaribu vipi?"

"Naijaza, natia moto mkali, naangalia kama itavuja."

"Basi ndivyo. Programu yangu yaipa mashine kazi nyingi kwa pamoja, na kila kazi yataka nafasi kwenye kumbukumbu yake. Yajazwa, yafutwa, yajazwa tena, hadi asubuhi. Mimi napima mwendo. Kheri ichoke hapa kuliko Faza, wagonjwa wakiwa kwenye foleni."

Jirani yetu Jamila alisikia mngurumo, akaniita dirishani. "Bi Mardhiya, mwafuga simba humo?"

"Mkwe wangu huyo, amelala!"

Tukacheka, lakini kicheko changu hakikufika moyoni. Mwezi uliopita Razan aliikataa mashine nyingine kuwa ni mbovu; ikapimwa upya Mombasa, ikaonekana nzima. Mkubwa wake, Bwana Sadiq, akamwambia kosa kama hilo likirudi, atatafuta mtu mwingine. Tangu hapo mtoto hali vizuri. Chai yapoa mbele yake, naye atafuna kucha.

Baada ya isha nilimsikia akizungumza kwenye simu.

"Bwana Sadiq, ilianza vizuri sana, kisha mwendo ukashuka. Joto limepanda, nayo yajipunguzia kazi isiungue. Feni yake ni mbovu." Akasikiliza. "Ndiyo. Nina hakika. Naandika ripoti sasa hivi."

Aliposema ana hakika, sauti ilimtetemeka. Namjua mwanangu.

Niliinuka nikaitazame hiyo feni, kana kwamba ningeijua. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa. Nilipousukuma, joto lilinipiga usoni kama la tanuri, na pamoja nalo harufu ya udi.

Ilikuwa Alhamisi. Magharibi, Razan akiswali, nilipita na chetezo chumba hadi chumba, kama nifanyavyo kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Kisha nikafunga madirisha na milango, moshi ukae ndani usipotee bure. Mkono ulifunga wenyewe. Akili ilikuwa kwa mtoto.

Nilirudi mbio nikamgongea.

"Mama, nenda kalale. Namalizia."

"Usiitume ripoti, mwanangu."

"Mama, tafadhali. Haya huyajui."

"Siyajui. Lakini chumba cha mashine nimekifunga mimi. Nilifukiza udi. Upepo haukuwa na ndia ya kupita."

Vidole vyake vilikoma kugonga laptopu. Niliweka kiganja kwenye ubao wa mlango, nikingoja anipigie kelele, au alie.

"Ulifunga saa ngapi?"

"Magharibi. Ulikuwa kwenye mswala."

Nikafikiria anachopaswa kufanya sasa: kumpigia mtu aliyekwisha kumwambia ana hakika, amwambie hana.

Komeo likalia, mlango ukafunguka. Macho yake yalikuwa mekundu, simu mkononi, jina la Bwana Sadiq juu ya kioo.

"Saa hiyo ndipo mwendo uliposhuka," alisema. "Nenda kafungue dirisha, mama. Lote."